Anayeandika Fomula Ndiye Anayechora Ndege

Kabla ndege haijaruhusiwa kwenda kwenye njia ya kurukia, hupakiwa mzigo wake wote, kisha huinuliwa mezani ikiwa imeshikwa kwenye ncha za mabawa tu. Mota imezimwa, propela imetulia. Mabawa yanapinda, kiungo cha katikati kinatoa mlio mdogo, na vijana waliokesha na gundi mikononi wamesimama pembeni wameshika vichwa. Ukaguzi huu ni wa shindano la Design/Build/Fly, maarufu kama DBF, linaloandaliwa nchini Marekani na taasisi ya wahandisi wa anga ya AIAA. Kuinyanyua ndege namna hiyo kunalitwisha shina la bawa mzigo unaokaribia ule linaoupata ndege inapokata kona kwa nguvu ya mara mbili na nusu ya uzito wake. Hakuna maabara wala mashine inayohitajika, na jibu hupatikana kwa sekunde chache.

Naupenda ukaguzi huo kwa sababu haubembelezeki. Sehemu nyingine nyingi za mashindano haya zinabembelezeka. Mtazamaji aliyesimama kando ya uwanja huamini kwamba wanafunzi wanashindana kuunda ndege bora. Ukweli ni kwamba wanashindana kuvuna alama, na alama hutoka kwenye fomula ambayo kamati imeiandika miezi mingi kabla ya siku ya kuruka. Ukitaka kujua ni kwa nini ndege za mwaka fulani zote zina tumbo nene, au mikia mifupi, au mabawa yanayokunjwa, usianze kuwauliza wanafunzi. Soma fomula.

Mashindano yenyewe si ya jana. SAE Aero Design, shindano la chama cha wahandisi cha SAE, ilianza Marekani mwaka 1986. DBF ilifuata katika mwaka wa masomo wa 1996/97. Brazili ilianzisha shindano lake la AeroDesign mwaka 1999, na makao yake yamekuwa São José dos Campos, mji wenye viwanda na vyuo vya ndege. Ulaya ilipata Air Cargo Challenge mwaka 2003, iliyozaliwa Ureno. Kote huko mpango unafanana: timu ya chuo hupewa kanuni, huchora, hukokotoa, huandika ripoti, hujenga, kisha huirusha ndege isiyo na mtu ndani kwa rimoti mbele ya waamuzi. Tofauti kubwa iko kwenye kile kinachohesabiwa.

Tuanze na fomula nyepesi kuliko zote: beba mzigo mzito kadiri uwezavyo. Ndiyo roho ya daraja la kawaida la SAE. Nguvu inayoiinua ndege hutegemea densiti ya hewa, mwendo, ukubwa wa bawa na umbo la bawa lenyewe. Mwendo ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu huhesabiwa kwa mraba wake: ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu ya kuinua inashuka kwa asilimia 19. Lakini mwendo umefungiwa. Zamani kanuni ziliitaja injini ambayo timu zote zilipaswa kutumia; baadaye, ndege zilipohamia kwenye umeme, kukaja kifaa kinachozuia mota isivute zaidi ya wati 1000. Umbali wa kuondokea nao uliwekewa mpaka, kwa miaka mingi futi 200, yaani kama mita 61. Densiti ya hewa haina mwenyewe. Kilichobaki mikononi mwa mwanafunzi ni bawa.

Ndiyo maana, kwa miaka mingi, ukipita kwenye safu ya ndege za mizigo za wanafunzi utakuta umbo moja likijirudia: bawa nene mbele, lililopinda kama kijiko kilichofunikwa, lenye ukingo mwembamba mno nyuma. Mara nyingi hilo ni S1223, lililochorwa na Michael Selig na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1990. Lilichorwa mahsusi kwa ndege ndogo za mwendo mdogo, na linainua sana. Kipeo chake cha kuinua, yaani namba inayoonyesha umbo la bawa linainua kiasi gani kwa ukubwa na mwendo uleule, hufika karibu 2.2, wakati maumbo mengi ya kawaida kwa ukubwa huo yanahangaika kuvuka 1.5. Kwa anayesoma fomula ya mzigo peke yake, mjadala umekwisha.

Kumbe haujaisha. Bawa hilo linakula nguvu nyingi ya mota kwa ukinzani wake, linaipinda pua ya ndege kwenda chini kiasi cha kudai mkia mkubwa zaidi, na ule ukingo wake wa nyuma ni mtihani kwa yeyote anayejenga kwa vijiti vya balsa, ule mti mwepesi sana. Kosa la milimita mbili pale nyuma na bawa ulilolijenga si lile ulilolikokotoa. Tena ndege hizi ni ndogo, na hewa haizichukulii kama inavyolichukulia dege la abiria. Wahandisi hupima jambo hili kwa namba ya Reynolds, ambayo hukua kadiri bawa linavyokuwa kubwa na mwendo unavyoongezeka. Kwa bawa la ndege ya wanafunzi namba hiyo huwa laki moja hadi laki tano hivi. Kwa dege la abiria ni mamilioni kwa makumi. Kwenye namba ndogo hewa huchoka upesi: inabanduka juu ya bawa, pengine inarudi kushika, pengine hairudi. Programu ya XFOIL, aliyoiandika Mark Drela wa chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1986 na ambayo bado iko kwenye kompyuta za timu nyingi, inajaribu kukisia pale hewa inapobanduka. Inakisia vizuri. Lakini inakisia kwa bawa laini lisilo na mikunjo kwenye plastiki inayolifunika, na bawa la aina hiyo sijaliona likitoka kwenye karakana ya wanafunzi saa tisa za usiku.

Kwa hiyo fomula ya mzigo peke yake inafundisha kitu, na kitu hicho si kidogo. Hata hivyo inafundisha upande mmoja. Inazaa ndege inayoondoka kwa shida, inazunguka uwanja kwa shida, inatua kwa shida, na mwenye nayo anashangilia kwa sababu shida hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

DBF walichagua njia nyingine: kubadilisha kazi kila mwaka. Mwaka mmoja ndege inabeba abiria wa kuigiza na kuvuta bango angani. Mwaka mwingine inatakiwa kukunjwa na kuingia ndani ya bomba, bomba lidondoshwe chini, kisha ndege itoke humo nzima, ifunguliwe na kuruka ikiwa imebeba vile visahani vya mpira mgumu vya mchezo wa hoki ya barafu. (Aliyewaza hilo la visahani alikuwa na ucheshi, ni vizito kwa ukubwa wao na havipangiki vizuri ndani ya kitu chochote chembamba.) Faida ya kubadilisha kazi ni kwamba hakuna chuo kinachoweza kuishi kwa urithi. Ndege iliyoshinda mwaka jana ni pambo la ukutani. Kanuni pia zinataka angalau theluthi moja ya timu wawe wanafunzi ambao hawajafika mwaka wa mwisho, ili ujuzi usiondoke wote na wahitimu. Ni moja ya kanuni chache zinazofikiria mwaka ujao.

Kwenye fomula zao, DBF wamewahi kuteleza, na kuteleza huko kuna somo. Kwa miaka kadhaa alama za timu ziligawanywa kwa kile kilichoitwa gharama iliyokadiriwa ya ndege, na mara nyingi sehemu kubwa ya gharama hiyo ilikuwa uzito wa ndege tupu. Nia ilikuwa njema, kwani mhandisi wa kweli hana ruhusa ya kutumia vifaa bila hesabu. Lakini gawanya alama kwa uzito uone vijana watafanya nini. Kila gramu inawindwa. Magurudumu yanakuwa kama vifungo vya shati, betri inakuwa ndogo kiasi cha kumaliza mzunguko wa mwisho ikihema, ganda la ndege linakuwa jembamba hadi linabonyea ukilishika. Ndege iliyojengwa kuishi dakika kumi na tano ndiyo inayopata alama nyingi kuliko ile ambayo ungeirusha mwezi mzima. Sidhani kuna mtu kwenye kamati aliyekusudia kufundisha hivyo, lakini fomula haijui makusudio.

Mtindo wa miaka ya karibuni ni mwingine, na huu ndio ningependa kukaa nao kidogo, maana timu nyingi zinausoma vibaya. Kazi ya kwanza kwa kawaida ni kuthibitisha tu kwamba ndege inaruka; ukiimaliza unapata alama 1. Kazi ya pili huwa na alama ya namna hii: 1 jumlisha matokeo yako yakigawanywa kwa matokeo ya timu bora ya siku hiyo. Maana yake, aliye bora anapata 2. Aliyefikia asilimia 80 ya bora anapata 1.8. Asiyemaliza anapata sifuri, na kazi hurukwa kwa kufuatana, kwa hiyo ukikwama kwenye ya pili hufiki ya tatu. Kutua nako kunahesabiwa: ndege isipotua salama kwenye njia yenyewe, kazi yote ya angani imekwenda bure.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Timu ya kwanza ina ndege ya wastani, inayofikia asilimia 80 ya bora, lakini ukiirusha mara 100 inamaliza mara 95. Timu ya pili ina ndege ya kutisha, bora kuliko zote, lakini inamaliza mara 80 kati ya 100. Wastani wa kwanza ni 1.8 mara 0.95, yaani 1.71. Wastani wa pili ni 2 mara 0.8, yaani 1.6. Ndege ya wastani imeshinda kabla ya upepo kuvuma. Na hapo sijaweka hasara ya kazi ya tatu ambayo timu ya pili haitaifikia kila inapoanguka.

Hesabu hii inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari. Lakini timu baada ya timu hutumia majira yote ya baridi ikisaka ile asilimia 20 ya mwisho, na ndege inatoka karakanani wiki mbili kabla ya safari. Kanuni hutoka mwishoni mwa kiangazi, ripoti hutakiwa mnamo Februari, kuruka ni Aprili. Kwenye karatasi ni muda tele. Lakini ndege inayoguswa na hewa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Machi haina tena muda wa kukosea, na ndege ya kwanza ya timu yoyote hukosea. Kitovu cha uzito kimekaa nyuma kwa sentimita mbili. Sevo ya mkia, ile mota ndogo inayogeuza kibao, inatetemeka. Betri inashusha volti pale mota inapovuta kwa nguvu, na mota iliyokokotolewa kwa volti kamili inalegea wakati wa kuondoka. Mambo haya hayaonekani kwenye kioo cha kompyuta. Yanaonekana kwenye nyasi.

Mtu atasema: basi fomula hiyo ya kulinganisha na bora ni nzuri, inafundisha uhakika. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ina kasoro moja inayoniudhi: alama yako inategemea mtu usiyemjua. Kama kuna timu moja iliyogundua mwanya kwenye kanuni na kupata matokeo mara tatu ya wengine, timu nyingine zote zinabanwa pamoja kati ya 1 na 1.33, na kazi nzuri inakuwa vigumu kuitofautisha na kazi ya hovyo. Hapo kinachoamua nafasi ni ripoti, kwa sababu alama za ripoti huzidishwa na alama za kuruka. Mwenye ripoti ya 90 na jumla ya 5 angani anapata 450. Mwenye ripoti ya 70 na 6 angani anapata 420. Walioruka vizuri zaidi wanarudi nyumbani nyuma ya walioandika vizuri zaidi.

Wapo wanaoliona hilo kuwa dhuluma. Mimi siko nao. Ripoti hairuki, ni kweli, lakini ndege isiyoelezeka ni ya aliyeijenga tu. Akihitimu, anaondoka nayo kichwani. Anayelazimika kuandika ni kwa nini alichagua bawa la mita moja na nusu na si la mita mbili, hujikuta mara nyingine hana sababu, na ugunduzi huo una faida kubwa ukimkuta mezani mwezi Februari. Ninachokilalamikia ni kuzidisha kwenyewe. Kuzidisha kunaadhibu mara mbili timu changa isiyo na mtu wa kuwafundisha kuandika, na timu hizo ndizo mashindano haya yanadai kuzitafuta.

Sasa rubani. Kanuni za DBF zinamruhusu rubani asiyekuwa mwanafunzi, na zipo timu ambazo ndege yao hurushwa na mzee wa klabu mwenye miaka thelathini ya kushika rimoti. Nimesikia hoja zote mbili. Usalama unadai mikono inayojua. Ndege ya kilo kadhaa yenye propela si kitu cha kujifunzia mbele ya umati. Lakini rubani hodari huficha makosa ya mchoraji. Ndege inayotaka kuinamia upande mmoja, yeye anaisawazisha bila hata kujua kwamba anaisawazisha, na anapotua anasema "imeruka vizuri". Vijana wanaandika hivyo kwenye daftari. Anayetaka kujua tabia ya ndege yake anahitaji rubani mlalamishi, au kifaa cha kurekodi mwendo na kona ndani ya ndege. Kifaa hicho siku hizi ni chepesi na hakuna sababu ya kukikosa.

Kuhusu usalama, kuna kanuni moja ya DBF ambayo naona inastahili kusomwa kwa sauti siku ya kwanza ya kila mwaka. Ndege ikipoteza mawasiliano na rimoti, lazima ijiue. Mota inazimika, kibao cha mkia kinainuliwa hadi mwisho, usukani na vibao vya mabawa vinapindwa hadi mwisho, flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kusaidia kutua, zinashushwa zote. Ndege iliyokuwa ikitiririka vizuri inageuka jiwe na kuanguka karibu. Waamuzi huijaribu kanuni hiyo ndege ikiwa chini, kwa kuzima rimoti na kutazama vibao vikijipinda. Mwanafunzi aliyekaa miezi saba akitafuta namna ya kuifanya ndege ibaki angani anatakiwa kupanga, kwa mikono yake, namna itakavyoanguka.

Upande wa fedha sitakaa sana. Chuo chenye handaki la upepo la kupimia mabawa na mashine ya kukata kalibu za nyuzi za kaboni kina faida, na kubadilisha kazi kila mwaka kunaipunguza faida hiyo bila kuifuta.

Niirudie SAE, maana nimewasema kwa fomula yao ya mzigo na sikuwatendea haki. Kwa miaka mingi walikuwa na nyongeza ya alama ambayo naamini ndiyo wazo bora lililowahi kuandikwa kwenye mashindano haya. Timu ilitakiwa kutabiri, wiki kadhaa kabla, ndege yake itabeba kilo ngapi. Na haikutosha kutaja namba moja. Ilibidi itoe mstari mzima wa grafu: hewa ikiwa nzito tutabeba hivi, ikiwa nyepesi tutabeba vile. Hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari ina densiti ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 35 inabaki 1.146 hivi, pungufu kwa zaidi ya asilimia 6, na uwanja ulio juu mlimani unapunguza zaidi. Siku ya shindano hewa ilipimwa, mstari ukasomwa, na utabiri ukalinganishwa na mzigo uliobebwa kweli. Kadiri ulivyokaribia, ndivyo nyongeza ilivyokua.

Hapo mwanafunzi analipwa kwa kuijua ndege yake. Timu yenye ndege dhaifu lakini inayojua udhaifu wake hadi kwenye gramu inapata kitu ambacho timu yenye ndege kali na bahati haipati. Na hakuna njia ya kuijua ndege kiasi hicho bila kuirusha mapema, mara nyingi, asubuhi na mchana, ikiwa na mizigo tofauti. Ile kasoro ya kutoka karakanani mwishoni mwa Machi inajiondoa yenyewe, bila kamati kuhubiri.

Ningekuwa kwenye kamati yoyote ya mashindano haya, ningeupeleka utabiri kwenye kila kazi. Tabiri muda wa mzunguko. Tabiri betri itabaki na kiasi gani baada ya kutua. Tabiri ndege itaondoka baada ya mita ngapi kwa upepo wa leo. Ningeondoa kulinganisha na timu bora kwa nusu ya alama, na nusu hiyo ningeilinganisha na maneno ya timu yenyewe.

Najua kitakachotokea. Timu zitatabiri kidogo, zibebe kidogo, zipate alama kamili kwa ndege ya kitoto. Itabidi fomula iwe na sehemu ya mzigo na sehemu ya utabiri, na uwiano kati yake upimwe kwa makini. Kisha wiki ya kwanza baada ya kanuni kutoka, mahali fulani, mwanafunzi wa mwaka wa pili atakaa na lahajedwali na kugundua kwamba ukitabiri kilo 4 na kubeba 4.3 unapata zaidi kuliko ukitabiri 5 na kubeba 5. Atawaita wenzake waje waone. Na ndege yao, ambayo haijachorwa hata mstari mmoja, itakuwa imeshapunguzwa bawa.